Paa Linavuja Upande wa Mtoto

22 Oktoba

Gasper ameondoka leo. Mbalamwezi imekwisha, giza linaanza, na mvuvi wa dagaa giza likianza hakai nyumbani. Safari hii si hapa Katonga. Tajiri wake amepeleka boti kusini, mbele ya Kalya, anasema huko dagaa bado wapo wa kutosha. Gasper amebeba blanketi, koti la mvua na kile kitochi chake. Simu kubwa ya kugusa ameniachia mimi, nimpige Kaneza picha.

Mguu mmoja uko majini, mwingine mchangani, akaniambia, "Mama Kaneza, mtoto atafanya mambo mengi mimi sipo. Uyaandike. Nikirudi unisomee."

Nikamwambia mimi niliishia kidato cha pili, mwandiko wangu kama kuku kapita.

"Kwani kuku akipita hafiki?" Akacheka, akapanda.

Basi hili ndilo daftari. Kaneza ana miezi kumi. Leo amekula wali na mchuzi wa samaki mgebuka, halafu akashushia na mchanga.

24 Oktoba

Nimempigia Gasper, haishiki. Melania, mwenzangu tunayeanika naye dagaa, mume wake Nikodemu yuko boti moja na Gasper. Anasema kule sauti haipiti. Meseji tu ndizo zinaingia, tena mpaka mtu apande jiwe lililo nyuma ya kambi.

Sasa Gasper kusoma kwake ni kwa kuungaunga, atachoka kabla ya mstari wa pili. Atakayemsomea ni Nikodemu, aliyemaliza kidato cha nne. Na si kwamba wanajificha. Meseji ya nyumbani kambini inasomwa kwa sauti, wanaume wamekaa wanashona nyavu, kila mtu anasikia. Ndiyo desturi yao.

Nimeandika, "hujambo baba kaneza sisi wazima." Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta.

26 Oktoba

Mdogo wangu Thobias kaja na ndizi. Anaendesha bodaboda kule Gungu, mambo ya simu yote anayajua. Nilipomweleza shida yangu alishika kiuno.

"Sista, mpaka leo mtu anaandika mwenyewe?"

Akaniwekea yule msaidizi wa akili bandia. Unamwambia unachotaka, yeye anakuandikia. Nimemwambia, mwandikie mume wangu salamu, mwambie hatujambo. Sijamaliza kupepesa macho, kashaandika:

"Mume wangu mpendwa, natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema. Sisi hapa nyumbani tunaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi juu yetu. Tunathamini sana jitihada zako kwa ajili ya familia."

Nimeusoma mara tatu. Mimi sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii. Hata koma zimekaa mahali pake. Nikodemu asome tu, aone kama mke wa Gasper hakusoma. Nimeutuma.

29 Oktoba

Gasper amejibu kwa mkono wa Nikodemu. "Asante. Msalimie mama."

Basi.

30 Oktoba

Mvua kubwa ya kwanza. Paa linavuja. Sehemu yote hiyo ya bati, tone limeona lidondoke upande wa mtoto.

1 Novemba

Nimemuuliza Msaidizi namna ya kuziba paa. Ni mpole jamani, haulizi kwa nini hukuziba kiangazi. Kaniandikia maelezo marefu, kanitajia vifaa ambavyo sidhani kama Kigoma nzima vipo, mwisho kasema nisipande mwenyewe, nitafute fundi mwenye ujuzi. Nikamuuliza tena, kama fundi hayupo? Akanipongeza kwa swali zuri, akaanza upya.

Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Mama ni Révérienne, mama yake Gasper, tunakaa naye. Walivuka kutoka Burundi akiwa msichana, na Kiswahili chake mpaka leo kinatembea na Kirundi mkononi. Aliitazama simu, akatazama kitanda, akatazama juu.

"Sogeza kitanda," akasema.

Nimesogeza. Kaneza kalala pakavu. Pale kitanda kilipokuwa nimeweka beseni.

3 Novemba

Msaidizi alisema leo ni jua. Nimeanika dagaa, nimeanua supu.

6 Novemba

Kaneza ameharisha jana na leo. Macho yameingia ndani, akilia machozi hayatoki. Msaidizi sitamsema vibaya hapa, alinieleza vizuri namna ya kuchanganya ile dawa ya maji na chumvi, akasema dalili hizi ni za kwenda kituo cha afya sasa hivi, nisingoje asubuhi. Mama naye alikuwa keshajifunga kanga ya pili, mlango keshaufungua. Safari hii wote watatu tulikubaliana.

Muuguzi alitupokea vizuri. Mtoto amenyonya, amekojoa, nimelia.

8 Novemba

Kaneza mzima kabisa, amenivunjia kikombe.

Nimemwambia Msaidizi amweleze Gasper kwamba mtoto aliugua akapona, lakini asimtie hofu. Kaandika hivi: "Kaneza alipata changamoto ndogo ya kiafya, ila sasa anaendelea vyema. Tafadhali usiruhusu jambo hili likusumbue. Chukua muda wote unaouhitaji kukamilisha kazi yako, sisi tutakuwa sawa."

Nikaona hivyo ndivyo mke mwema anavyosema. Mimi ningeandika nini? Kwamba niliogopa sana? Kwamba shati lake la bluu lipo msumarini na sijalifua, maana likifuliwa litanuka sabuni tu? Nikodemu amsomee hayo mbele ya watu? Hayo nayaweka hapa.

12 Novemba

Mwezi unakua. Boti zitarudi kupumzika. Nimetwanga sombe, kisamvu anachokipenda Gasper.

13 Novemba

Jino! La chini, la katikati. Nimelisikia kwenye kijiko kabla sijaliona. Sikumtumia Gasper meseji, nataka alione mwenyewe.

15 Novemba

Nimekuwa mwaloni Katonga tangu asubuhi, Kaneza mgongoni, nimemvika ile gauni ya njano. Boti ikaja. Wakashuka mmoja mmoja, wanachekacheka, wananuka moshi. Nikawahesabu kwa macho, nikarudia. Nikodemu akanijia na fungu la migebuka mikavu.

"Shemeji, mwakeye," akapiga makofi yale ya kisalamu. "Hii kakupa mwenzio."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kabaki kulinda kambi. Si ulimruhusu?"

"Nilimruhusu nini?"

"Shemeji, si nilimsomea mimi kwa mdomo wangu? Chukua muda wote unaouhitaji, sisi tutakuwa sawa. Tajiri alitaka mtu wa kubaki. Watu wote wakasema, mwenye ruhusa ni Gasper, mke wake kaandika."

Melania alikuwa pembeni, akadakia, "Wewe Nikodemu, mimi nikikuandikia hivyo ujue nimeolewa kwingine."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ili nisifanye lingine.

Tulipokuwa tunapanda kuja juu Nikodemu akapunguza sauti. "Usikasirike. Kule kambini wamekupa jina, wanakuita Taarifa ya Habari. Meseji yako ikiingia wanaambiana nyamazeni, saa mbili kamili imefika. Mwanzo Gasper alikuwa anacheka nao. Sasa hachekagi. Siku moja akaniuliza, Niko, hii ni yeye kweli? Nikamwambia namba ni yake."

"Akasemaje?"

"Akasema, basi nyumbani hawana shida."

Kisha akaniambia lililobaki. Tajiri ana boti nyingine inakwenda Kirando, mbali zaidi, na watakaopanda hawarudi mpaka Pasaka. Itawachukua mbalamwezi ijayo, mwezi wa Desemba. Gasper kaombwa. Hajakubali, hajakataa.

Mpaka Pasaka Kaneza atakuwa anakimbia. Atamuona mwanaume anashuka kwenye boti, ataniuliza huyu nani.

Nikamwambia Nikodemu, wewe unarudi siku si nyingi, mwambie asiende. Akakataa, si kwa ubaya. "Mama yake alishanituma hivyo hivyo mwaka jana, Gasper akasema mama kila siku anataka nirudi. Nikisema mimi ni utani, kule kila kitu ni utani. Andika, nitamsomea. Lakini uandike wewe."

Sombe ameila Mama peke yake.

17 Novemba

Andika wewe, kasema. Nimeshika simu tangu nimeanika dagaa. Vidole vinajua njia moja tu sasa. Nikamrudia Msaidizi, nikamwambia, mwandikie mume wangu asiende Kirando, arudi nyumbani, lakini kwa heshima.

Mama alikuwa anachambua maharage. "Soma nami nisikie," akasema.

Nikasoma. "Mume wangu mpendwa, nimepata taarifa kuhusu fursa yako mpya ya kazi. Ingawa ningefurahi sana iwapo ungefikiria uwezekano wa kurudi nyumbani, ninaheshimu uamuzi wowote utakaoufanya."

Mama akaacha maharage. "Oya. Huyo ni nani anayeongea?"

"Ni mimi, mama. Ni simu, lakini ni kwa niaba yangu."

"Anaheshimu uamuzi. Uamuzi gani? Mtu ana mtoto hapa." Akatupa ganda chini. "Winfrida, mwana wanje, wewe asubuhi ukiamka unaniimbia nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Paa. Paa, mama, paa. Mimi ndiye niliyeezeka? Mimi nina miguu ya kupanda? Kila siku unanilalamikia mimi na huyo mwenye paa unampelekea pongezi. Gasper anajua nyumba yake inavuja?"

"Hajui."

"Anajua mtoto alikwenda kituo cha afya usiku?"

"Anajua alipata changamoto."

"Changamoto ndiyo nini?"

Nikalitafuta lile neno kwenye simu, nikalisoma tena.

"Baba yake Gasper," akasema Mama, ameshayarudia maharage yake, "akivua mbali nilikuwa namtumia watu wakamwambie mke wako ana hasira, kuni hakuna, mbuzi kakata kamba. Alikuwa anarudi mbio. Anakuja anagomba, lakini anagomba akiwa hapa. Siku nikinyamaza ndiyo alikuwa anaogopa. Anajua sasa huyu ameshazoea."

Sikuwa nimefikiria hivyo hata mara moja. Mimi nilidhani namwondolea mzigo. Kumbe nilikuwa namtoa nyumbani kidogo kidogo, kwa heshima, na koma zikiwa mahali pake.

Nikaufuta wote. Nikaandika huu, nauandika hapa kama ulivyo:

"Baba Kaneza. Paa linavuja upande wa mtoto. Mama kasema nisogeze kitanda nimesogeza sasa kiko mlangoni mtu akiingia anajigonga. Kaneza aliharisha nikampeleka kituo cha afya niliogopa sana sikukwambia. Ana jino la chini. Anamwita Thobias baba nimemkataza hasikii. Shati lako la bluu sijalifua. Nikodemu usicheke ukifika hapo. Kirando usiende. Njoo mbalamwezi ijayo. Winfrida."

Kabla sijatuma Msaidizi akaniuliza, ungependa niuboreshe ujumbe wako? Nikamwambia hapana, asante. Sikumkasirikia. Yeye hana paa wala mtoto, angejuaje.

Nikatuma, nikaiweka simu chini ya mto, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

19 Novemba

Boti ya kina Nikodemu imeondoka.

21 Novemba

Hakuna. Mvua.

24 Novemba

Mvua. Beseni linajaa kabla ya chai, nimeongeza ndoo. Melania ananiambia pengine hawajapanda jiwe, mvua hii jiwe linateleza. Nimependa alivyosema hivyo.

Dagaa nimewafunika mapema leo. Upepo ulikuwa unatoka kule milima ya Congo na Melania alikwisha kunja turubai lake. Simu sikuiuliza.

28 Novemba

Hakuna. Kaneza amesimama mwenyewe, ameshika beseni, akalimwaga lote. Nimefuta maji huku nacheka. Ndiyo picha ninayotamani Gasper angeiona.

Najiambia, labda kaona aibu wamemsomea habari za shati. Labda keshakubali Kirando. Mama haniulizi. Asubuhi ya leo kaanza yeye: "Paa, Winfrida, paa." Nikacheka bila kupenda.

2 Desemba

Imeingia nikiwa kwenye chanja, naanika dagaa, mikono imejaa magamba. Nikaomba Melania anishikie, nikanawa, nikasoma.

"Kitanda kisikae mlangoni. Lami ipo?"

Nimesimama pale kama mtu aliyepigwa na jua. Ikaingia na ya pili.

"Anauliza maji yanapita kwenye msumari au pale bati mbili zinapokutana. Ni mimi Nikodemu. Sikucheka."

Nikakimbia nyumbani na magamba yangu. Nikapanda kwenye stuli, nikatazama. Msumari. Nikamjibu kwa mkono wangu: "Msumari. Lami hakuna." Halafu nikaongeza, "Nitamtuma Thobias."

Jibu likaja jioni. "Asiguse mtu."

Nikamwonyesha Mama. Nikamwambia, lakini mama, hakusema kama anakuja, hakusema kitu cha Kirando.

Mama kaniangalia kama ananionea huruma. "Ego, ndiyo, hajasema. Mtu wa Kirando lami ya nini?"

9 Desemba

Thobias kaleta lami kwenye kopo la rangi. Kaneza kamwita baba. Thobias anamwambia, "Anko, anko, usiniletee kesi."

13 Desemba

Mwezi karibu umejaa. Sijatwanga sombe. Naogopa kutwanga.

15 Desemba

Tulikuwa tumetoka kanisani. Sikwenda mwaloni, nilisema sitakwenda kuhesabu watu tena. Nilikuwa nachochea moto nikasikia Mama anapiga makofi uani, yale makofi ya kumpokea mtu, anasema mwakeye, mwakeye, na sauti ikamjibu.

Kakonda. Ndevu. Kasimama na blanketi begani, ananitazama kama anayehakikisha jambo.

"Wewe ndiye Winfrida?" akasema. "Au ni Taarifa ya Habari?"

"Ingia ujigonge," nikamwambia. Kitanda kilikuwa bado mlangoni, makusudi.

Kaneza alipomwona alipiga ukelele, akajificha kwenye sketi yangu. Gasper akachuchumaa mbali kidogo, hakumvuta. Akasema, "Sawa. Ni haki yako." Kisha akauliza lami iko wapi. Mama anamwambia ule kwanza, mimi namwambia ukoge kwanza, yeye kashapanda.

Kaneza akatoka kwenye sketi. Akawa anazisikiliza zile hatua juu ya bati, macho juu, zikienda na yeye anageuka, zikirudi anageuka. Gasper akachungulia pale penye tundu, jicho moja, akaita, "Kaneza!" Mtoto akacheka mpaka jino likaonekana. Wakalirudia hilo mara nyingi sana, mpaka nikasema tundu lizibwe jamani, wali umeiva.

16 Desemba

Kirando kakataa. Alimwambia tajiri nyumba yake inavuja, tajiri akasema paa si sababu, yeye akasema paa ndiyo sababu. Giza likirudi atavua hapa hapa Katonga. Dagaa wa hapa wachache, anajua, na mimi najua. Tutaona.

Leo nimemsomea daftari hili lote, kama alivyoniagiza. Pale pa shati akageuka kulitazama msumarini. Pale pa kituo cha afya akaniambia rudia. Nikarudia. Akauliza, "Haya yote yalikuwa humu, na mimi unanitumia salamu za redio?"

Nikamwambia nilimwonea haya Nikodemu.

"Nikodemu!" akasema. "Nikodemu ile meseji yako alinisomea mara mbili bila kuombwa. Halafu akapanda jiwe mwenyewe kumwandikia Melania."

Msaidizi sijamfuta. Kesho nitamuuliza habari ya chanjo ya Kaneza, kuna neno kwenye kadi silielewi.

19 Desemba

Mvua tangu alfajiri, ile ya kupiga bati mpaka hamsikilizani. Gasper kaamka, kakaa kitandani, kitanda kimerudi mahali pake. Anatazama juu. Mama naye kaja kasimama katikati ya chumba na kanga yake kichwani, anatazama juu. Mimi natazama juu.

Chini, kando ya kitanda, beseni liko kavu. Kaneza amekaa ndani yake.